Kartoni ya Mazin Haifunguliwi

Mtaa mzima wa Buyenzi, mjini Bujumbura, kuanzia maduka ya karibu na msikiti hadi magereji ya ukingoni mwa mto Ntahangwa, hapakuwa na mtu aliyejua kufunga spea kama Mazin. Kufunga spea ni kazi, usione hivi. Pampu ya maji ikisafiri vibaya inafika imevunjika sikio, na mteja aliyeko Kigoma hataki kusikia habari za mashimo ya barabarani, anakulaumu wewe. Mazin alikuwa na utaratibu alioachiwa na baba yake, naye baba yake aliachiwa na babu aliyetoka Omani na kuuza misumari na taa kabla magari hayajawa mengi mjini. Kwanza unakausha kila tone, liwe la maji au la mafuta. Kisha unaviringisha gunia kuukuu. Kisha unakaza kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi, mpaka kitu kisitikisike hata ukikiangusha. Mwisho kartoni, utepe wa skochi pande zote, na jina la duka kwa kalamu nene.

Ndiyo maana ajensi ya mabasi iliyopeleka vifurushi Kigoma ilikuwa na desturi yake. Kartoni za watu wengine zilifunguliwa na kukaguliwa pale kaunta. Kartoni ya Mazin haikufunguliwa. Pontien, karani wa vifurushi, mtu mnene mpole aliyependa ijulikane kwamba anafahamiana na wafanyabiashara, aliipokea kwa mikono miwili na kuiweka kando. Hakuna aliyelalamika. Mazin hajawahi kumdanganya mtu, walisema, na walisema kweli. Sifa ile ndiyo iliyomponza.

Maana kartoni tunayoizungumzia hapa haikuwa na spea. Ilikuwa na kobe.

Kobe mwenyewe aliitwa Kapo, kama watu wa Bujumbura wanavyoiita boneti ya gari. Mwaka ule maji ya ziwa yalipoifunika Gatumba, kitongoji cha nje ya mji, fundi mmoja alivuta gari la mteja kutoka matopeni na kulileta kwenye gereji iliyopakana na duka la Mazin. Walipoliinua kwa jeki, akatoka chini yake kobe mdogo, hajai kiganja. Mafundi wazima, wanaolala chini ya malori bila wasiwasi, wakatawanyika. Nura, binti pekee wa Mazin, ambaye wakati huo hata kufunga kamba za viatu alikuwa hajui, akachuchumaa na kumwokota. "Mugongo wake iko kama kapo," alisema. Basi jina likabaki, na kobe akabaki, akakulia uani mwao kwa lengalenga, ndio mchicha, na maganda ya papai, akawa mkubwa wa kujaza sufuria.

Mazin alikuwa mtu mwema mwenye mdomo mbaya. Watu wa namna hiyo tunao kila mtaa. Talaka ya kwanza ilimtoka kwa hasira, akamrejea mkewe Tahani kabla wali haujaiva. Ya pili wazee walikaa, wakasuluhisha. Ya tatu ilimtoka siku ya joto kali, kwa ugomvi wa funguo za duka zilizopotea, na funguo zenyewe zilikuwa mfukoni mwake. Hapo dini haina mchezo. Tahani alikunja nguo zake kimyakimya, akamchukua Nura na kurudi kwa baba yake, Kigoma.

Siku ya kuondoka, Nura alitaka kumpakia Kapo ndani ya beseni. Mazin akamkatalia.

"Muache hapa, mama," alimwambia bintiye. "Atakungojea. Ukirudi utamukuta."

Tusifichane. Hakumzuia kobe kwa kumhurumia kobe. Alimshika rehani. Alijiambia kwamba mtoto hawezi kumwacha Kapo moja kwa moja, kwa hiyo hatamwacha na yeye. Mtu aliyefiwa na nyumba yake hushikilia chochote kilichosalia, na kwake kilichosalia kilikuwa na miguu minne na gamba.

Miezi ikaenda. Kwenye simu Nura alijibu kama mtu anayehojiwa na polisi: ndiyo Baba, sawa Baba, nimekula Baba. Lugha yake nayo ikaanza kumtoroka. Pale alipozoea kusema "apana" sasa alisema "hapana," kama watu wa kule, na Mazin aliihesabu ile herufi moja kila ilipotokea. Kulikuwa na mlango mmoja tu uliobaki wazi. Akitajwa Kapo, sauti ya mtoto ilirudi. Amekula nini? Ameota jua? Anakwenda bado kusukuma ule mlango wa jikoni? Mazin alikuwa akiiweka simu chini, karibu na kobe, ili msichana amsikie akitafuna, na yeye mwenyewe anakaa kando sakafuni, mtu mzima na kanzu yake, akisikiliza bintiye anavyomsimulia kobe mambo ambayo baba hasimuliwi.

Kisha siku moja Nura akasema, "Baba, shuleni wananiita muongo. Wanasema hakuna mtu ana kobe mwenye jina. Nitumie Kapo."

Mazin alielewa. Mtoto hakusema "nikirudi," kama alivyokuwa akisema zamani. Alisema "nitumie." Kumtuma Kapo ilikuwa kukiri kwamba Nura harudi, na hilo Mazin alikuwa hajakiri hata kwenye sijida. Lakini alimpenda mwanawe kuliko alivyoipenda nafsi yake, mpe haki yake hapo, akajibu, "Sawa, mama. Kapo atakuja."

Tahani akaichukua simu. "Mlete mwenyewe, Mazin. Njoo asubuhi, umwone mtoto, ulale kwa jamaa zako Ujiji, urudi. Baba hatakufukuza."

"Inshallah," alisema Mazin.

Ilikuwa ile inshallah ambayo wake wote wanaijua.

Barabara hakuiogopa. Aliogopa sebule ya mzee Salem, baba yake Tahani. Mzee huyo alimkabidhi binti yake mbele ya watu, akammiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe, na siku talaka ya tatu ilipomfikia masikioni hakutuma hata tusi. Angekuwa mtu wa kufoka, Mazin angekwenda zamani, wakafokeana, yakaisha. Ule ukimya ndio uliomshinda. Kwa hiyo aliamua kumtuma Kapo peke yake, kwa basi, na akajisemea kwamba ni mambo ya duka.

Alikwenda kwanza kuuliza, kama mtu mwaminifu.

"Pontien, nikitaka kutuma kobe Kigoma, inawezekana?"

"Kobe muzima?"

"Muzima."

Pontien akacheka, kisha akaacha kucheka. "Ee shehe, usinikumbushe. Kuna mutu alituletea vinyonga mu kartoni, akasema ni viatu. Kartoni ikafunguka mbele ya Nyanza-Lac. Watu wakaruka kwa madirisha, mama moja akavunjika mukono, basi nusura iingie mu ziwa. Na vile vinyonga vyenyewe, vingi tulivikuta vimekufa na joto, masikini, vimeshikana. Tokea pale patron alikata: nyoka, mujusi, kinyonga, kobe, apana. Hata ulete karatasi ya veterineri, apana." Akainama mbele. "Ni ya nani?"

"Nilikuwa nauliza tu," alisema Mazin.

Nyumbani dada yake Kudra, aliyekuwa mkubwa kwake na aliyehamia uani kumpikia tangu Tahani aondoke, alimkuta ameketi kibarazani, amezungukwa na magunia na vipande vya mpira, na Kapo katikati.

"Unafanya nini?"

"Namufunga. Atakwenda kwa basi, kama piesi ya gari."

"Mazin, ile ni roho. Haiko pompe."

"Dada, ni safari ya siku moja. Asubuhi hapa, jioni Kigoma."

"Basi umupeleke we mwenyewe."

"Duka namuachia nani?"

Kudra aligeuza shingo, akalitazama duka. Tangu asubuhi hapakuwa ameingia mteja. Mwaka huo mafuta yalikuwa adimu nchini, magari yamelala, na gari lililolala haliharibiki pampu. Alirudi jikoni akigonga sufuria kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mazin akafanya alichokijua. Tangu jana yake hakumpa Kapo maji wala majani mabichi, kwa sababu kartoni ikitoa unyevu hata kidogo Pontien atashtuka. Alimfuta gamba kwa kitambaa mpaka likang'aa. Alimwingiza kwenye gunia. Alipoona kobe anakwaruza, na kukwaruza kunasikika, akamkaza kwa mpira, kwanza kwa upana, kisha kwa urefu, miguu ikiwa imekunjwa ndani ya gamba. Aliutikisa mzigo karibu na sikio lake. Kimya. Mfuko wa plastiki anaoongezea spea zinazoogopa maji aliuacha, na akachukua bisibisi akatoboa kartoni matundu madogo ubavuni, akajipongeza kwa kukumbuka kwamba kiumbe hupumua. Ilikuwa kazi safi. Angekuwa amefunga jenereta, ingefika Afrika Kusini.

Kesho yake asubuhi alisimama mbele ya kaunta.

"Ni nini leo, shehe?"

"Pompe ya maji. Ya Coaster."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza kuwahi kutoka kwa Mazin mahali pale, na ulipita kirahisi mno. Pontien aliinyanyua kartoni, akaipima kwa mikono. "Nzito. Orijino hii, si ya Kichina." Mbele ya Mazin alikuwa amesimama mwanamke mmoja akilia machozi kwa sababu kartoni yake ya nguo imepasuliwa na kupekuliwa hadi chini. Kartoni ya Mazin ilipita juu ya kichwa chake. "Ya kwako haiwezi kulala kule nyuma na madumu ya mawese," Pontien alisema. "Itaenda mbele na shoferi."

Mazin alishukuru. Hakuuliza mbele wapi.

Basi lilipoondoka alimpigia Nura simu. "Mama, Kapo yuko njiani."

Yule mtoto alipiga yowe hadi Mazin akaiondoa simu sikioni. Kisha akaanza kusema. Alisema amemchimbia Kapo mahali chini ya mkomamanga wa babu, amemwekea sahani ya maji, babu mwenyewe amemsaidia kuweka matofali. Alisema watoto waliomwita muongo watakuja kesho waone. Alisema hata yale ambayo Mazin hakuuliza: mwalimu wa hesabu ana kikohozi, bibi anakoroma, yeye amepoteza jino. Maneno yalimtoka yakigongana, na ile "hapana" haikusikika hata mara moja. Salio la simu lilipokwisha Mazin alibaki amesimama katikati ya duka, anatabasamu peke yake. Hakuwa ametabasamu hivyo tangu siku ya funguo. Laiti hadithi ingeishia hapo.

Adhuhuri ilipokaribia alipita dereva mmoja kuuliza chujio, akasema kwa kawaida tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba mabasi ya kusini yamekwama Rumonge. Mazuti, yaani dizeli, hakuna. Wamepanga foleni kituoni tangu asubuhi, juani.

Mazin akampigia Pontien.

"Pompe yangu imefika wapi?"

"Rumonge, bado wanangojea mazuti. Lakini we usiogope, shehe! Ya kwako imekaa juu ya moteri kabisa, pembeni ya shoferi. Pale hakuna mutu atagusa. Ni première classe."

Juu ya moteri. Kila aliyewahi kupanda Coaster anaujua ule mfuniko wa injini ulio kando ya dereva, mahali ambapo abiria aliyekosa kiti hukaa kwa tako moja, kisha jingine, kisha husimama. Na Mazin aliujua kuliko abiria. Alikuwa akiuza yale makapeti yanayowekwa chini yake kuzuia joto, na alijua hakuna basi hata moja la njia ile lililokuwa limebadilisha lake. Hapo basi limesimama, dereva anawasha na kusogea hatua, anazima, anawasha tena, na jua la mchana liko kwenye kioo.

Alichotakiwa kusema ni kifupi. Ni Kapo, mtoeni, muwekeni kivulini, mmwagieni maji. Basi. Shoferi angelaani, Pontien angekasirika, na kobe angekunywa maji Rumonge.

Lakini dukani walikuwa wamesimama watu wawili, na upande wa pili wa simu alikuwa Pontien, aliyemwamini. Ulimi wa Mazin, ule ule uliotamka talaka tatu bila kusukumwa, siku hiyo ukagoma.

"Asante," alisema, akakata simu.

Alikwenda kuswali. Aliinama na kuinuka na wenzake, na kama ungemuuliza ameswali rakaa ngapi asingejua. Alipopiga salamu kulia na kushoto alikuwa ameshaelewa alichokifanya. Alitoka msikitini mbio, viatu mkononi.

Kudra alikuwa uani anachambua lengalenga. Kwa mazoea mabua alikuwa akiyatenga pembeni, kwa ajili ya Kapo. Alimwona mdogo wake usoni.

"Amekufa?"

"Sijui, dada. Wamemuweka juu ya moteri. Basi limekwama."

"Na wao wanajua ni nini?"

Mazin akatikisa kichwa.

"We Mazin!" Kudra alisimama, majani yakamwagika. "Unaona haya kwa nani? Kwa Pontien? Mutoto wako anangojea! Piga simu sasa hivi, mbele yangu."

Akapiga, na safari hii alisema yote bila kupumua.

"Kobe," Pontien alisema mwishowe. "Donc ulikuja kuniuliza, nikakuambia vile vinyonga vilikufaje, na we ukaenda ukafunga."

"Nisamehe. Mupigie shoferi, nakuomba."

"We, Mazin?" Hakuwa amekasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mi nilimuambia shoferi, hata douane wa mpaka wakitaka kufungua, awaambie ni ya Mazin."

Simu ya dereva ilikuwa imezimika, chaji imekwisha. Pontien alijaribu, Mazin naye akajaribu, Kudra akachukua simu yake ndogo ya tochi akajaribu pia, kana kwamba namba ingemwonea huruma mwanamke. Asr ikapita. Jioni jua likiwa linaelekea milima ya Kongo, Pontien alimpigia.

"Nimemupata. Wameshafika Mugina, kwa mpaka. Kartoni ameshamupa mwenzake wa upande wa Tanzania, imevuka." Akashusha sauti. "Anasema ilikuwa ya moto sana. Aliishika na shati."

"Alisikia kitu? Kutikisika? Kukwaruza?"

"Apana. Anasema ilikuwa imefungwa vizuri."

Mazin aliketi kibarazani. Aliipiga namba ya Tahani ili amwandae, kwani haifai mtoto kufungua kitu kama hicho peke yake. Akapokea Nura.

"Baba! Babu anasema kesho asubuhi tutakwenda kumchukua kituoni! Nimemkatia papai!"

Mazin alifungua kinywa. "Ukimupata," alisema, "umupe maji upesi, mama. Mengi." Na usinihukumu kwamba natetea, lakini jaribu wewe kumwambia mtoto anayeimba.

Asubuhi simu ililia akiwa bado hajafungua duka. Ilikuwa simu ya video. Kudra akaja kusimama nyuma yake, mtandio ameubana kwa meno.

Nura alikuwa amevaa sare ya shule. Mlangoni wasichana wawili walisimama wakichungulia. Kartoni ilikuwa mezani, jina la duka limeandikwa kwa kalamu nene, na Tahani alikuwa anakata skochi kwa mkasi. Ilikuwa skochi nyingi. Halafu mpira. Halafu gunia. Mazin aliona kazi ya mikono yake ikifunguliwa tabaka kwa tabaka, na kila tabaka lilikuwa safi, na kwa kila tabaka aliomba, si dua ndefu, ni neno moja tu, tafadhali, tafadhali. Gamba likatokea. Nura alilikumbatia kifuani, akalibusu.

"Kapo! Kapo wangu!" Kisha akamweka juu ya meza na kumwekea papai. "Mtazameni," aliwaambia wale wasichana. "Sikuwaambia?"

Wakatazama. Kapo hakutoka.

Tahani aliinama, akagusa kwa kidole mahali ambapo kichwa kilikuwa kimeingia. Alikitoa kidole taratibu. Akainua macho, akaitazama simu moja kwa moja, na Mazin akajua.

"Amelala," Tahani aliwaambia wasichana. "Nendeni shule, mtachelewa. Mtamwona siku nyingine." Wakaondoka wakisukumana. Kwa Nura akasema, "Amechoka na safari. Mwache apumzike."

Alikuwa anampa Mazin njia ya kutokea. Mwanamke ambaye yeye alimtaliki mara tatu kwa maneno alikuwa anamsitiri tena mbele ya mtoto wake. Siku mbili tatu, angepata namna ya kulisema taratibu, kwamba Kapo aliugua, kwamba ni umri, kwamba ni Mungu. Mazin angebaki baba aliyetuma.

Lakini Nura aliinamia gamba, akaanza kunong'ona, na simu ilikuwa karibu. "Usininunie, Kapo. Toka. Najua nilikuacha. Sitakuacha tena." Akainua uso kwenye simu, na machozi yalikuwa yameanza. "Baba, amenikasirikia. Ni kwa sababu nilimwacha na mimi nikaondoka."

Nyuma ya Mazin mtandio ulimtoka Kudra menoni.

"Nura," alisema Mazin. "Nura, mama, nisikilize. Hakukukasirikia. Kapo amekufa."

Mtoto aliweka kiganja juu ya gamba.

"Si we. Ni mi. Nilimufunga sana, sikumupa maji. Niliwadanganya watu wa basi kama ni pompe, wakamuweka juu ya moteri, na walikuwa hawajui. Mi nilijua. Nilijua saa ile ile, na sikusema, niliona haya. Wewe hukufanya kosa lolote. Umesikia? Sema umesikia."

"Nimesikia."

Alilitazama gamba. Akasukuma kipande cha papai pembeni, polepole, asilichafue. Alilia bila sauti, mabega tu, na Mazin angetoa duka, nyumba na macho yake yote mawili apate kuvuka kioo kile. Tahani alimshika mtoto kichwani.

Baadaye Nura alijipangusa kwa mkono wa sare.

"Alijua kama anakuja kwangu?"

"Nilimuambia," alisema Mazin, na ilikuwa kweli, alimwambia wakati akimfunga.

"Kwa nini hukumleta wewe?"

Hapo hapakuwa na mafuta ya kusingizia, wala duka, wala Pontien. Nyuma ya mtoto, mlangoni, mzee Salem alikuwa ameingia, fimbo mkononi, koleo la kuchimbia katika mkono mwingine, amesimama kimya akingoja mjukuu wake amalize. Hakumtazama Mazin kwa ubaya. Hakumtazama kabisa.

"Nitakuja," Mazin alisema. "Nakuja, mwanangu. Leo. Nitapata gari, nitakuja leo."

"Kufanya nini?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtoto anayetaka kujua, kwa sababu Kapo alikuwa ameshafika na hapakuwa na kitu kingine cha kuleta.

"Kukuona."

Nura alifikiri. Alimchukua Kapo, akamweka vizuri mikononi, akamgeukia babu yake aliyekuwa anangoja mlangoni. Kisha akakumbuka kwamba baba yake bado yuko kwenye simu, akarudi.

"Lakini mimi nilikuwepo hapa siku zote, Baba," alisema, akampa mama yake simu, akaenda uani.